Nilivyomwachisha Popi kuiba viatu

Kwa miezi minne nyumba yetu ya Kihonda, Morogoro, haikuwa na pea kamili ya ndala. Binti yangu wa darasa la nne alichelewa shule mara tatu kwa sababu ya kiatu kimoja cheusi kilichopotea, na sote tulishajua pa kuanzia kukitafuta: chini ya migomba, ambako Popi alikuwa na shimo lake.

Popi ni mbwa wa kienyeji, wa kahawia, miguu ya mbele myeupe kama amevaa soksi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alikuja kwetu akiwa na wiki nane hivi, ndani ya boksi la sabuni, akaletwa na fundi aliyekuwa anatujengea uzio. Jioni ile ile mwanangu mdogo alilala sebuleni mkono wake ukiwa ndani ya boksi, ili yule mtoto wa mbwa asilie peke yake. Tangu hapo Popi ni wetu kama alivyo mtu yeyote wa nyumba hii. Ndiyo maana ushauri wa watu uliniudhi sana.

Mmoja aliniambia nimlishe nyigu, awe mkali, "mbwa mkali hachezi na viatu." Mwingine akaja na habari ya baruti kwenye ugali. Haya maneno yamezunguka mitaani tangu nikiwa mtoto na bado kuna watu wanayafuata. Nyigu wanamuuma mbwa mdomo na koo, baruti ni sumu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfundisha kitu. Wa tatu alisema nimfunge mnyororo kutwa nzima. Tulijaribu siku mbili. Alilia mpaka sauti ikakauka, na tulipomfungua usiku alikwenda moja kwa moja barazani na kuondoka na raba ya kijana wangu mkubwa. Mume wangu naye alimchapa na gazeti lililokunjwa. Kilichotokea ni kwamba Popi aliacha kuiba mbele ya baba na akaanza kuiba baba akiwa bafuni. Lile shimo la migombani ndipo lilipoanza. Kabla ya kuchapwa alikuwa anakitafuna kiatu katikati ya uwanja, kila mtu anamwona, unakipata kikiwa na alama mbili tatu za meno tu. Baada ya kuchapwa alijifunza kuficha, na siku nilipochimba pale nilitoa viatu sita, vyote vya mguu mmoja mmoja, kimoja kimeshaanza kuota ukungu.

Pilipili ilikuwa yangu mimi. Shoga yangu mmoja sokoni alinihakikishia kwamba ukipaka kiatu pilipili mara moja tu mbwa hatakigusa tena maisha yake. Nikatwanga pilipili kichaa, kiganja kizima, nikachanganya na mafuta ya kula kidogo ili zishike, nikapaka raba mbili kuukuu na ndala zote za barazani. Nikakaa dirishani kusubiri. Popi alikuja anatingisha mkia, akanusa, akapiga chafya, akalamba. Halafu akasimama tu, mdomo wazi, ulimi nje, akiniangalia pale dirishani. Hakukimbia mara moja. Aliniangalia kwanza. Kisha akaenda kwenye ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akaipindua yote, akaanza kujisugua uso na miguu yake ya mbele, na kwa kujisugua akaipeleka pilipili machoni. Nilitoka mbio na maziwa na maji. Wakati namshika yeye, mwanangu mdogo akavaa ndala zangu, akazishika kwa mikono kuzirekebisha, akajifuta pua. Nikawa na wawili wanaolia uwanjani, nami natembea kutoka huyu kwenda yule na kitambaa chenye maji. Siku mbili nzima Popi alikuwa akiniona anainuka na kwenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Roho iliniuma. Na viatu? Vyenye pilipili hakuvigusa. Alichukua vile ambavyo sikuvipaka.

Basi nikaacha kuumiza, nikaamua kununua. Kila akikimbia na kiatu nilikuwa namwita kwa upole, namwonyesha dagaa mmoja mkavu, anaachia kiatu, anachukua dagaa. Wiki ya kwanza nilifurahi mno, maana viatu vilikuwa vinarudi vizima. Nikawaambia watu nimeshapata dawa. Wiki ya pili nilianza kuona kitu. Popi alikuwa haendi tena migombani. Alikuwa anakuja jikoni, kiatu mdomoni, anakaa chini vizuri kabisa, mkia unafagia sakafu, anasubiri. Nikimpa dagaa anaondoka, baada ya dakika tano anarudi na cha pili. Binti yangu ndiye aliyelisema: "Mama, Popi anatuuzia viatu." Na kweli. Siku moja ya Jumamosi aliniletea viatu kumi na kimoja kabla ya saa nne asubuhi, na vitatu kati ya hivyo sikuvijua ni vya nani.

Hapo mambo yakawa mazito, kwa sababu kimoja cha mwisho kilikuwa kandambili ya mpira ya bibi wa nyumba ya pili. Bibi huyu ni mtu wa swala tano na kandambili zile ni za kwendea kutawadha. Mate ya mbwa kwake ni najisi, chombo kilichoguswa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilikwenda kwake nimeinamisha uso. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika, "Marahaba, mwanangu," nikamweleza yote bila kuficha. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mnyama hana dhambi. Lakini wewe ndiye mchungaji wake." Nilimnunulia pea mpya siku ile ile, sikukubali aoshe zile. Maneno yake nilirudi nayo nyumbani, sikulala vizuri.

Aliyenionyesha njia ni kijana wangu mkubwa, naye aliitoa kwa panya. Watu wa Morogoro tunaijua habari hii, ila hatukai tukaifikiria. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Wananusa mabomu yaliyotegwa ardhini, wengine wananusa vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa Tanzania, akafanya kazi Kambodia miaka mitano, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la wanyama la Uingereza. Kijana wangu alikwenda kuwaona na shule. Akaniambia: "Mama, hawawachapi. Panya akifanya sawa, wanapiga kitu kinalia tik, halafu hapo hapo anapewa ndizi. Tik, ndizi. Wewe unampa Popi dagaa akishaiba. Panya angepewa ndizi kila anapokosea, bomu angelinusa la nini?"

Nikakaa kimya. Mtoto wa miaka kumi na minne ameona kile ambacho mimi sikukiona. Nilikuwa namlipa Popi kwa kazi ya kuiba, naye aliifanya kazi hiyo kwa bidii.

Kile kidude chao cha kulia hatukuwa nacho. Nikazunguka jikoni nikijaribu vitu: kizibo cha soda, kijiko kwenye kikombe, kalamu ya kubonyeza. Kalamu sauti yake ndogo, kijiko kinalia muda mrefu na hapa sufuria zinalia kutwa. Nilichopata mwisho ni mfuniko wa bati wa chupa ya jemu, wenye kile kiduara katikati kinachobonyea. Ukishauondoa kwenye chupa, ukiukandamiza kwa kidole gumba unatoa tik, ukiachia tik nyingine. Unakaa mfukoni mwa gauni. Haukunigharimu hata shilingi, na hauna mlio unaofanana nao humu ndani. Huu mfuniko najivunia.

Siku mbili za kwanza hatukugusa kiatu kabisa. Tik, dagaa. Tik, dagaa. Dagaa mmoja nilimkata vipande vitatu, maana hata kipande kidogo kilimtosha kama malipo. Siku ya tatu nilikuwa nikibonyeza yeye akiwa mbali uwanjani anageuka kama ameitwa jina.

Ndipo nikaweka ndala moja sakafuni, mguu wangu ukiwa juu yake. Popi akaja, akainusa, akaisukuma kwa pua, akaanza kuuma ukingo. Nikatulia, sikusema neno. Alipochoka kuvuta akainua kichwa kuniangalia, labda nusu sekunde. Tik. Dagaa. Akashangaa, unaona kabisa sikio lile lililolala linajaribu kusimama. Akarudi kwenye ndala, akauma, akaniangalia. Tik. Mara ya nne au ya tano alisogea karibu na ndala, akasita, meno hayajaigusa, akaniangalia mimi. Pale nilimpa dagaa watatu kwa mpigo na binti yangu akapiga makofi. Siri yote iko kwenye hiyo nukta: ulie mfuniko wakati anaacha. Ukichelewa mpaka ageuke tena kwenye kiatu, umelipa kitu kingine. Mume wangu alikuwa anachelewa, vidole vyake vizito, ikabidi tumwondoe kwenye zamu mpaka alipojifunza kwa kumbonyezea mtoto kila anapopepesa macho.

Neno "acha" tuliliongeza baadaye, baada ya wiki kama mbili. Na tuliongea kama nyumba kwamba akiponyoka na kiatu hakuna kumkimbiza, hakuna kupiga kelele, na hakuna dagaa. Kumkimbiza ndiyo mchezo anaoupenda kuliko yote. Mwanangu mdogo alivunja sharti hili mara nyingi, nami simlaumu, maana Popi akikimbia na kiatu na masikio yanapepea hata mimi miguu inanitaka.

Kuna jambo la meno ambalo ningeambiwa mapema lingeniokoa. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, na kati ya miezi minne na saba hivi yanang'oka yakiotewa na 42 ya ukubwani. Fizi zinamuwasha na lazima atafune. Mimi nikaanza kwa kumpa kipande cha kanga kuukuu nilichokifunga mafundo, nimekilowesha na kukigandisha kwenye friji. Alikipenda sana, kisha akaenda kwenye kamba ya nguo akaishusha kanga yangu nzuri, maana kwake ni kitu kile kile. Kwa hiyo tafuta kitu ambacho hakifanani na mali yako. Nilikwenda sokoni nikanunua kamba nene ya katani, ya elfu mbili au tatu hivi, nikaifunga mafundo makubwa mawili. Harufu ya katani haiko kwenye nguo wala viatu vyetu. Anaitafuna nikiwa karibu, na nyuzi zikianza kuchomoka nazikata asije akazimeza. Gunzi la mahindi usimpe, hata kama kila mtu anampa wake. Akimeza kipande kinaziba utumbo, na hapo unatafuta daktari wa mifugo wa kumpasua. Mifupa ya kuku iliyopikwa vilevile, inapasuka vipande vyenye ncha.

Katikati ya mafunzo haya jino la Popi lilimparuza mwanangu mdogo mkononi walipokuwa wanavutana kamba, damu ikatoka kidogo. Popi alishachanjwa kichaa cha mbwa alipofikisha miezi mitatu, kadi yake ninayo kabatini. Hata hivyo niliosha mkono ule kwa sabuni chini ya bomba linalotiririka kwa robo saa nzima, mtoto analalamika amechoka, kisha tukaenda hospitali na kadi mkononi. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili kwa mtu karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa ni mara moja kila mwaka kwa wengi wetu, na sehemu nyingi hutolewa bure karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Sielewi mtu anayempenda mbwa wake na bado anaikosa.

Ilituchukua wiki saba kwa jumla, dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Dagaa nadhani hawakufika kilo mbili. Mpaka leo mara moja moja akipita kwenye viatu bila kugeuza shingo ninabonyeza mfuniko, sitaki ajione kazi yake imesahauliwa.

Mwezi uliopita bibi wa nyumba ya pili alikuja kuazima kinu. Kawaida husimama getini na kuita, tangu siku ya kandambili hajawahi kupanda barazani kwetu. Safari hii alipanda, akasimama mbele ya mlango, akavua zile kandambili mpya nilizomnunulia, akazipanga ukutani. Popi alikuwa amelala pale pale, hatua mbili tu. Bibi akamtazama akasema, "Haya, hii ni amana." Akaingia.

Tulikaa karibu nusu saa. Chai nilimmiminia, lakini masikio yangu yalikuwa nje. Nilipomsindikiza mlangoni kandambili zilikuwa ukutani zote mbili, kavu, vidole vimeelekea nje kama alivyoziacha. Popi hakuwa amehama. Alikuwa ameivuta kamba yake ya katani karibu, amelaza kidevu juu ya fundo, macho yako kwangu. Bibi akavaa, akachukua kinu alichoazima, akashuka ngazi. Nikatia mkono mfukoni nikabonyeza mfuniko, na siku hiyo nikampa dagaa sita wazima.