Moyo wa Nyama na Mvua ya Usiku

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sijalala vizuri. Usiku wa Jumanne mvua ilianza kugonga bati kama saa nane hivi, nami nikaketi kitandani nimekunja magoti, nasikiliza kama korongo la nyuma ya nyumba limeanza kunguruma. Mume wangu akageuka, akauliza, "Imeanza tena?" Nilijua ananiuliza habari zangu mimi, wala si za mvua.

Neno lililonijia pale kitandani ni Ezekieli 36:26. Bwana anaahidi kuutoa moyo wa jiwe na kutupa moyo wa nyama. Miaka yote nimelisikia neno hili likihubiriwa kwa furaha, na mimi mwenyewe nimelisema kwenye maombi, lakini sikuwahi kujiuliza nyama ina tabia gani. Nyama huuma. Jiwe ukilikanyaga halisemi kitu.

Wanaonijua tangu utoto wanasema machozi yangu yako karibu. Kuku akichinjwa nilikuwa nakimbilia shambani. Nikitoka msibani naumwa siku mbili. Mwanasaikolojia Mmarekani Elaine Aron, ambaye ameichunguza hali hii tangu miaka ya 1990, anakadiria kuwa watu 15 hadi 20 kati ya 100 wamezaliwa hivyo: wanaona zaidi, wanasikia zaidi, na mambo yakiwaingia hayatoki upesi. Anasema ni maumbile, si ugonjwa. Nilipolisikia hilo nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nililia siku ile pia.

Sasa mtu wa namna hii akiishi katika miaka hii yetu, afanye nini?

Mwanzoni mwa 2022 sisi wa Manyara tuliona ng'ombe wa Simanjiro wakifa kwa ukame, mizoga imelala kando ya njia. Haukupita muda mrefu, mkoa huohuo ukapigwa na maji. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Alfajiri, sehemu ya mlima Hanang iliyokuwa imelowa mvua za siku nyingi ilikatika, yakashuka tope, mawe na magogo mpaka Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Sisi huku tulikuwa tunapiga pasi nguo za kanisani.

Mwaka ule El Niño, lile joto la Bahari ya Pasifiki ambalo mara nyingi hutuletea mvua nyingi, ilikuwa imekuja, na Bahari ya Hindi ilikuwa na joto kupita kawaida upande wake wa magharibi, huku kwetu. Wataalamu wanasema hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1 tu, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. Hesabu hiyo nilipoielewa ndipo usingizi ulipokimbia kabisa, maana nilijua mvua ya namna ile si ya kuja mara moja ikaisha.

Msiba wa kawaida una matanga. Watu wanalala chini, wanalia, wanapika, kisha siku ya kuanua matanga inafika, kila mtu anakunja mkeka wake na kurudi kwake. Huu wa nchi hauna siku ya kuanua. Leo ni Hanang, kesho ni mafuriko ya Rufiji, keshokutwa unatazama Kilimanjaro na kukumbuka kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha. Baba yangu alijua wiki ya kupanda mahindi na mbaazi bila kumwuliza mtu. Siku hizi anapanda, anapoteza mbegu, anapanda tena. Ananisomea Mwanzo 8:22, majira ya kupanda na mavuno havitakoma, kisha ananyamaza. Nami sina la kumjibu.

Desemba ile nilikuwa natazama video za Hanang kwenye simu. Nikimaliza narudia. Usiku wa tatu bila usingizi niliomba nafasi kwenye jumuiya, nikasema waziwazi kwamba nimelemewa. Mpendwa mmoja, mtu mzima wa kuheshimika, akanijibu mbele ya watu: "Mama, Mungu hakutupa roho ya woga. Kemea hiyo roho." Wakaimba. Nikaimba nao, nikarudi nyumbani nikiwa na mizigo miwili, ule wa kwanza na aibu.

Juma lililofuata akina mama wa usharika walipeleka mablanketi na nguo kwa walionusurika, nami nikaenda. Nilisema moyoni kwamba nitawaaibisha kwa machozi, na kweli niliwaaibisha. Nilipofika kwenye shule walikohifadhiwa watu, magoti yaliisha nguvu, nikaketi chini kwenye nyasi. Mama mmoja wa pale akaja akaketi karibu yangu. Hakuniuliza kitu. Mkononi alikuwa na sweta la shule la kijani, limekauka kwa tope hadi linasimama lenyewe. Mtoto wake alikuwa hai, amepelekwa kwa bibi yake, naye alikuwa analia anataka sweta lake. Akaniambia, "Dada, nisaidie kufua. Mikono yangu haina nguvu."

Tukafua. Beseni la kwanza lilitoka maji kama uji wa ulezi. La pili vilevile. Tulimwaga mabeseni saba. Katikati ya kufua alinitajia majina ya majirani zake, mmoja mmoja, na kila jina nililia, naye akalia, na mikono haikuacha kusugua. Tope halikutoka lote. Tuliliweka sweta juu ya ua likiwa na madoa shingoni. Usiku ule nililala, wapendwa. Nililala tangu saa mbili mpaka jua lilipochomoza.

Ndipo nilipomwelewa Eliya. Someni tena 1 Wafalme 19 wiki hii, someni polepole. Nabii amekaa chini ya mretemu, anasema yatosha, anaomba kufa. Tazameni Bwana anavyomtendea. Hakumkemea. Hakumwambia amekosa imani, wala hakumkumbusha ushindi wake juu ya manabii wa Baali kule Karmeli. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akamwacha alale tena. Mara ya pili malaika akamgusa, akasema ale, kwa maana safari ni kubwa mno kwake. Mungu mwenyewe anakiri kwamba safari ni kubwa! Halafu sisi tunamwambia mwenzetu kwamba safari ni fupi, tatizo ni imani yake.

Hapa niseme kwa upendo lakini niseme. Mithali 25:20 inasema kumwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni ni kama kumvua nguo wakati wa baridi. Tumewavua watu nguo makanisani. Kijana anakuja anasema anaogopa kuzaa watoto katika dunia hii, tunamwambia ni dalili za siku za mwisho, ashangilie. Yesu aliuona mji wa Yerusalemu akaulilia, na alijua kila kitu kitakachotokea. Anayelia si adui wa tumaini. Na tukishamnyamazisha, tunarudi nyumbani kukata mti wa mwisho kwenye chanzo cha maji, kwa kuwa mlinzi aliyekuwa anapiga kelele tumemziba mdomo.

Nawe mwenye moyo mwepesi, nina neno moja kwako. Paulo anasema mchukuliane mizigo, kisha mistari mitatu mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Jiko lako la mkaa ni furushi. Mti wako, mfereji wako, maji unayomwaga, ni furushi. Joto la dunia nzima ni mzigo, na Afrika yote inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu inayoliongeza. Usiubebe peke yako usiku wa manane. Mimi nimezima video zisijipakue zenyewe kwenye simu. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa naisoma asubuhi, mara moja, baada ya chai. Kabla ya chai hapana.

Usiku wa Jumanne mvua ilikatika saa kumi. Asubuhi nilikwenda kutazama korongo, limekula ukingo kama hatua mbili upande wa jirani. Kwa hiyo Jumamosi saa moja tunachimba mfereji pale, wenye majembe na makoleo waje nayo. Na Alhamisi baada ya jumuiya nitabaki kanisani kwa yeyote ambaye mvua zinamnyima usingizi. Hakutakuwa na mahubiri. Tutasoma Zaburi ya 42, ile ya gharika zako zote na mawimbi yako yote yamepita juu yangu, na anayetaka kulia atalia. Chai itakuwepo, na mihogo.