Haya ya Ami

Saa sita za usiku na bado nalisikia lile neno. Ijumaa ya wiki iliyopita Ami alikuja South C baada ya swala, akanywa chai yake ya tangawizi, kisha nikamtoa uani nimwonyeshe gari. Mnalijua: MGB ya 1966 ya marehemu baba, kigari cha Kiingereza kisicho na paa, ile niliyoikuta Mombasa juu ya matofali, kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Ami alilizunguka mara mbili bila kuligusa. Mara ya tatu akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Umelitengeneza vizuri, mwanangu. Lakini gari la kaka yangu liko wapi?"

"Ndilo hili, Ami."

"Haya."

Basi. Akauliza kama Alasiri imeshaadhiniwa.

Tangu siku hiyo binti wa dada yangu ameposwa, na ofisini tumeletewa mkuu mpya, lakini nilichobeba kwenye matatu na kwenye foleni ya benki ni hiyo haya. Nimeirudia kwa kila sauti. Iko haya ya kukubali, iko ya kukata maneno, iko ya kumwambia mtu nenda zako. Na iko haya ile nyingine, ya uso kuinama, ambayo nadhani ndiyo niliyobaki nayo mimi.

Usiku huwa namjibu. Namwambia: Ami, gari hili halina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo uti wake wa mgongo, na nguvu zote ziko kwenye yale maboksi ya bati chini ya milango. Chumvi ya pwani ilikuwa imeyala hadi kidole kinapita. Fundi wa kwanza alitaka kujaza puti, apige rangi, anikabidhi kwa wiki mbili. Yule wa Kariobangi akakataa kukata hata inchi moja kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, kwa sababu gari lisilo na paa ukilikata hivi hivi hujikunja katikati, na mlango haufungi tena. Wiki tatu kila upande. Nilikaa naye Jumamosi zote, nikanunua gesi na nondo, nikajifunza kuuona mshono mzuri na mbaya.

Umeme je? Magari ya mwaka huo yalitoka kiwandani Abingdon na chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi, yakiwa na dainamo, na betri mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti. Mimi nikageuza, hasi kwenye bodi, nikafunga altaneta na betri moja ya volti 12. Feni ya umeme mbele ya rejeta inakula umeme mwingi, dainamo isingeiweza, na bila feni hebu kaa Mombasa Road saa kumi na moja jioni uone mshale wa joto unavyopanda. Sikulitengeneza ili lisimame kwenye nyasi za Ngong Racecourse siku ya Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa. Nataka liende.

Lakini rangi. Nyekundu ya baba ilikuwa imefifia ikawa kama ufizi, nami nikapaka kijani kizito, kwa sababu nakipenda. Hapo sina la kumjibu, hata usiku.

Jana nikarudia kabureta, zinazochanganya hewa na petroli. Ni mbili, za SU, na lazima zivute hewa sawasawa. Vipimo vyake vipo, mimi natumia kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza mvumo. Kwangu zilikuwa sawa. Kitinda mimba akaomba mpira.

"Baba, ya nyuma inavuma zaidi."

Nikalegeza skrubu kidogo. Sasa? Bado. Sasa? Akafumba macho. "Sasa zinasema pamoja."

Nati za jeti, zinazopimia petroli, nikazipandisha kidogo ili ipungue, maana huku tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kipimo kilichofaa Mombasa huku kina petroli nyingi mno. Injini ikatulia. Sarafu niliyoisimamisha juu ya kifuniko chake haikuanguka. Mtoto alipiga makofi, nami nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nane.

Ndipo akajipenyeza chini ya dashibodi na tochi, akauliza ile swichi ni ya nini. Imefungwa kwenye kipande cha bati kilichokatwa kwa mkono, waya wake ulikatwa zamani. Nimeipita mara mia. Nikaipiga picha, nikamtumia Ami.

Alipiga simu papo hapo, hata salamu hakutoa. "Hiyo ni ya taa za ukungu! Tuliitoa kwenye Peugeot 404. Baba yako alilala chali pale Majengo hadi alfajiri, na tochi nilishika mimi. Aliunguza fyuzi tatu." Alizungumza dakika arobaini, Ami ambaye simu zake huwa ni dakika moja. Rangi hakuitaja kabisa.

Miezi kumi na minne nimeita mafundi sita. Ami anakaa Eastleigh. Sikumwita hata siku moja.

Anakuja Jumapili. Ameniamuru nisiuguse waya wa swichi hiyo mpaka afike, na tochi atakuja nayo.

Askari wetu wa geti hajaonekana tangu Alhamisi. Majirani wanasema ameenda kwao, lakini koti lake liko kibandani, na ile redio yake ndogo. Simu ni mteja. Kesho kabla ya kazi nitapitia Mukuru nimuulizie.