Ncha ya Mshale: Alasiri Moja Kati ya Huron na Erie

Kati ya siku 19 nilizokaa kusini mwa Ontario, nchini Kanada, nyingi zimekwisha kuchanganyika kichwani mwangu, lakini alasiri moja ya katikati ya Julai ningali naiona kana kwamba ilikuwa jana. Nilikuwa mgeni wa mtoto wa kaka yangu, anayesoma katika mji wa London, yaani London ya Ontario, mji uliokaa baina ya maziwa mawili: Huron upande wa kaskazini-magharibi na Erie upande wa kusini. Nimefundisha Jiografia mjini Mwanza kwa miaka 22, na kila mwaka huchora ubaoni mshale wa upepo wa mchana unaotoka majini kwenda nchi kavu, na mwingine wa usiku unaorudi. Sikuwahi kufikiri kwamba mshale ule wa mchana una ncha, na kwamba ncha hiyo mtu anaweza kuivuka akiwa ndani ya gari, kisha baada ya muda si mrefu akapigwa na mawe ya barafu kwa sababu yake.

Siku hiyo joto lilifika nyuzi 31 kabla ya adhuhuri, na hewa ilikuwa nzito kiasi kwamba nguo nilizoanika uani tangu alfajiri zilikuwa bado mbichi. Mashamba ya mahindi yameuzunguka mji ule kila upande, na mahindi ya Julai hutoa mvuke mwingi kupitia majani yake, hivyo jasho la mtu halipati pa kwenda. Kijana alinionea huruma. "Shangazi, hapa tutaungua bure," aliniambia. "Twende ufukweni, kule kuna upepo." Tulikuwa tumekodi gari kwa bei ambayo Mwanza ingelipa kodi ya chumba kwa miezi kadhaa, na juu ya bei hiyo ikaongezwa kodi ya mauzo ya asilimia 13, ambayo katika jimbo lile haiandikwi kwenye bei unayoonyeshwa bali hujitokeza wakati wa kulipa. Sikuzoea jambo hilo mpaka siku ya kuondoka.

Grand Bend ni mji mdogo wa mapumziko kwenye ufuko wa Ziwa Huron. Tulipofika, tukalipia maegesho kwa saa na kununua chupa mbili za maji kwa dola saba, upepo ulikuwa umekwisha kuanza kuvuma kutoka ziwani, mwanana na wa baridi, na kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 24. Juu ya maji hapakuwa na hata wingu moja. Watu walilala mchangani kwa raha, watoto wakajenga majumba ya mchanga, na mimi nikakaa chini ya mwavuli nikifikiria Igombe na Kayenze, fukwe za kwetu Mwanza, maana Huron hauoni ng'ambo yake kama ambavyo hatuioni ya kwetu.

Nilipogeuka kutazama bara ndipo nikaona kitu kilichonishtua. Kilomita kadhaa nyuma yetu, mawingu meupe yenye vichwa kama koliflawa yalikuwa yamejipanga kwa mstari mmoja mrefu sambamba na ufuko, kaskazini hadi kusini, kana kwamba mtu alikuwa ameyapanga kwa kamba. Upande wa ziwa mbingu ilikuwa safi. Upande wa pili wa mstari kulikuwa na ukungu wa joto. Mtoto wa kaka yangu, ambaye masomo yake ni ya hali ya hewa, akaniambia kwamba mstari ule ndio ukingo wa mbele wa upepo wa ziwa. Hewa baridi ya majini ni nzito, hivyo huingia bara ikitambaa chini kama kabari, na hewa ya moto yenye unyevu inayokutana nayo haina njia isipokuwa kupanda. Inapopanda hupoa, mvuke hugeuka wingu, na mahali pote ambapo kabari imefika huonekana kutoka mbali. Hata rada huuona ukingo huo kabla ya mvua, kwa kuwa wadudu wanaobebwa na hewa inayopanda hukusanyika pale na kuonekana kama uzi mwembamba.

Saa tisa alasiri tulianza kurudi kwa njia ya Exeter. Nilimwomba kijana aendeshe polepole, nami nikawa nasoma kipimajoto. Tulipita Dashwood kikiwa nyuzi 25. Baada ya hapo, katika umbali ambao ningeweza kuutembea kwa miguu bila kupumzika, kikapanda hadi 27, kisha 29, kisha 31; bendera zilizokuwa zimeelekea mashariki zikalegea na kujifunga mlingotini, na nilipoteremsha kioo harufu ya maji ilikuwa imetoweka na badala yake ikaingia ile ya udongo na mbolea. Tulikuwa tumeivuka ncha ya mshale. Nilimwomba asimamishe gari, nikashuka, nikasimama kando ya shamba la maharage kwa muda mpaka upepo wa ziwa ukatufikia tena kutoka nyuma na kuniinua mtandio. Sijui kama nitaweza kuwaeleza wanafunzi wangu furaha niliyoipata pale.

Furaha hiyo haikukaa. Tulipofika Exeter na kushika barabara ya kusini kuelekea London, wingu moja katika ule mstari lilikuwa limewapita wenzake na kupanda mpaka kilele chake kikatandaa kama fuawe la mhunzi. Kijana alitazama picha ya rada kwenye simu yake na uso wake ukabadilika. Uzi wa pili ulikuwa unapanda kutoka kusini: huo ulikuwa ukingo wa upepo wa Ziwa Erie, ambao nao ulianza safari yake asubuhi kutoka ufuko wa Port Stanley. Nyuzi hizo mbili zilikuwa zinakutana mbele yetu. Kingo mbili zikigongana, hewa ya moto iliyobanwa katikati husukumwa juu kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, na siku yenye joto na unyevu kama ile haihitaji msaada zaidi ya huo.

Ilichukua chini ya dakika 20. Kwanza mwanga ukawa wa kijani, kijani cha maji ya dimbwi, na ndege wakanyamaza. Kisha ukaja upepo wa baridi kali kutoka mbele, wa namna nyingine kabisa na ule wa ufukweni, ukilaza mahindi barabarani. Matone machache makubwa yalipiga kioo, yakafuatiwa na mawe ya barafu, mwanzoni kama karanga, baadaye kama ndimu. Kelele juu ya bati la gari ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilimwona kijana akisogeza midomo bila kumsikia. Kioo cha mbele kikapata ufa uliosambaa kama utando wa buibui. Karibu na Centralia tuliona banda kubwa la zana za shamba likiwa wazi, na mzee mmoja amesimama mlangoni akitupungia kwa mikono yote miwili. Tukaingia na gari mpaka ndani, tukasimama kando ya mashine yake ya kuvunia.

Mzee yule hakutuuliza sisi ni nani. Alitupa taulo na kahawa ya chupa, akarudi mlangoni kutazama ngano yake, ambayo alikusudia kuivuna wiki hiyohiyo na sasa ilikuwa inavunjwavunjwa mbele ya macho yake. Nilimpa pole kwa Kiingereza, lugha ambayo haina neno la pole, na nadhani alinielewa. Baadaye alisema jambo ambalo nimelibeba mpaka nyumbani. Alisema watu wenye nyumba za kifahari ufukweni hulalamika kwamba bustani zao hazipati mvua wakati wa majira ya joto, nao wakulima wa huku ndani hulalamika kwamba wanapata nyingi mno na kwa hasira. Kisha akaonyesha kwa kidole upande wa Huron, ambako chini ya wingu jeusi palionekana mstari mwembamba wa mbingu ya buluu. Wale tuliowaacha mchangani walikuwa bado wanaota jua.

Usiku, tulipofika London tukiwa tumelowa, kijana alinieleza kwamba maneno ya mzee yamepimwa. Mwaka 2001 watafiti walitumia ndege, rada na vituo vya ardhini kusini-magharibi mwa Ontario kufuatilia pepo za maziwa na uhusiano wake na ngurumo, katika mradi uliojulikana kwa kifupi kama ELBOW, baada ya jaribio la kwanza la mwaka 1997. Walipolinganisha ramani za tonado, yaani vimbunga vikali vinavyozunguka kama faneli, za jimbo hilo na mienendo ya pepo hizo, waliona kwamba matukio ni machache mahali ambapo hewa tulivu ya ziwa hukaa mara nyingi, na ni mengi zaidi mahali ambapo kingo hupita na kukutana. Nami nikaelewa kwa nini mtabiri wa kule hawezi kutosheka na kuambiwa kwamba siku itakuwa na joto na unyevu. Ni lazima ajue saa ngapi kila upepo umeanza, umefika kijiji gani, na utakutana na nani.

Kampuni iliyotukodisha gari ilitutoza kioo na kila kibonyeo, na bima tuliyouziwa kwa maneno matamu haikugusa mvua ya mawe. Sitaki kuitaja hesabu yake. Siku zilizofuata zilipita bila mambo, isipokuwa mchana mmoja mjini Goderich, kaskazini zaidi kwenye ufuko uleule, mji wenye mgodi wa chumvi unaoingia chini ya ziwa. Tarehe 21 Agosti 2011, tonado la daraja la F3, katika kipimo kinachoanzia F0 hadi F5, lilitoka juu ya maji ya Huron na kupita katikati ya mji, likaua mtu mmoja aliyekuwa kazini mgodini. Nilisimama kwenye uwanja wa mahakama nikatazama miti michanga iliyopandwa badala ya ile mikongwe. Hewa baridi ya ziwa huzima dhoruba nyingi, lakini dhoruba iliyokwisha kukomaa kwingine inaweza kuvuka maji na kufika ikiwa na nguvu zake, na mkazi wa ufukweni hapaswi kulala kwa kuamini upepo.

Niliporudi Mwanza niliyatazama maji yetu kwa macho mengine. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo halina majira ya baridi, kwa hiyo mchezo ambao Huron huucheza miezi michache ya majira ya joto sisi tunao mwaka mzima. Mchana upepo wa ziwa huingia bara, na upande wa Kenya hupanda milima na kukutana na upepo wa mashariki; wakulima wa chai wa Kericho wanaijua vizuri mvua ya mawe inayotokea hapo. Tofauti yetu kubwa ni usiku. Maji yetu hubaki na joto, ardhi ikapoa pande zote, na kwa kuwa ziwa limekaribia kuwa duara, pepo za nchi kavu huondoka Mwanza, Musoma, Kisumu, Entebbe na Bukoba zikaenda kukutana katikati ya maji. Mahali pa Centralia, kwetu, pako ziwani. Dhoruba huzaliwa huko gizani, kisha upepo wa mashariki huzisukuma kuelekea magharibi, ndiyo maana Bukoba hupata milimita zipatazo 2,000 za mvua kwa mwaka na watu wake wamezoea kuamshwa na radi alfajiri, huku Musoma ikipata chini ya nusu ya hizo.

Na saa hizo za usiku ndizo saa za wavuvi wa dagaa. Mdogo wangu wa mwisho ni mmoja wao. Jioni ya pili tangu nirudi nilimweleza habari za nyuzi mbili, za kipimajoto na za banda la mzee, naye akasikiliza mpaka mwisho huku akishona wavu.

"Dada, sisi hatuna rada ndani ya mtumbwi," alisema. "Lakini upepo wa nchi kavu ukikatika ghafla, halafu ukaja mwingine wa baridi kutoka katikati ya ziwa, tunazima taa na kuvuta wavu hata kama haujajaa. Huwa tuna nusu saa, pengine pungufu."

Nilimuuliza giza la mwezi, wakati ambapo taa zao huvuta dagaa vizuri, linaanza lini. Akasema Alhamisi. Nikamwomba, kila atakaporudi asubuhi, aniambie upepo ulikatika saa ngapi na walikuwa wapi, nami nimenunua daftari la kuandika.