Siku Tuliyobadilishana na Mpwa Wangu

Wiki ile ya Februari 2018 mimi na mpwa wangu tulishinda tukibishana kipi bora kwenye theluji, skii au ubao. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita, mtu wa ubao wa theluji, ule mmoja mpana unaobeba miguu yote miwili. Mimi nilikuwa na miaka kumi kwenye skii, zile mbao mbili nyembamba za kuteleza, moja kila mguu. Nilimwambia skii imekuwepo kwenye Olimpiki za majira ya baridi tangu zile za kwanza, Chamonix 1924, na ubao wake ukabisha hodi Nagano mwaka 1998. Utu uzima dawa, nikamwambia. "Sawa mjomba, lakini ukongwe si utamu," akajibu.

Jumamosi tarehe 24 ndipo tuliponyamaza sote. Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech alichukua dhahabu ya mbio za ubao huko Pyeongchang, na wiki moja tu kabla yake alikuwa ameshinda dhahabu ya Super-G, mbio za kasi za skii za kuteremka mlima, kwa tofauti ya sekunde 0.01, akiwa na skii zilizowahi kutumiwa na Mikaela Shiffrin, bingwa wa skii wa Marekani. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kushinda michezo hiyo miwili katika Olimpiki moja. Kijana alinitazama akasema, "Mjomba, kesho tubadilishane."

Asubuhi yake tukakodi vifaa. Buti za ubao ni laini, unatembea nazo kama viatu vya kawaida, na nilifurahi sana kwa sababu buti la skii linabana mundi wa mguu kama kobe aliyejifungia na mguu wako ndani. Furaha iliishia hapo. Kwenye skii unautazama mteremko uso kwa uso. Kwenye ubao unasimama ubavu, bega moja mbele, na nusu ya mlima iko kisogoni. Miguu yote miwili imefungwa kwenye kitu kimoja, huna fimbo, huna mguu wa kutanguliza unapoyumba.

Mpwa wangu aliweka ncha za skii karibu, akatanua visigino, akateremka polepole. Kabla ya adhuhuri alikuwa anapinda kushoto na kulia kwenye mteremko wa wanaoanza. "Mjomba, zinanitii!" alipiga kelele, na kelele ile bado naisikia.

Mimi nilikuwa chini. Ubao una kingo mbili, wa vidoleni na wa visiginoni, na lazima uegemee ule ulio upande wa juu wa mlima. Ukilegea kidogo, ukingo wa upande wa chini unang'ata theluji, ubao unasimama papo hapo na mwili unaendelea na safari. Huoni ikija. Mara ya kwanza nilianguka chali hadi pumzi ikakata. Mara ya pili nilitanguliza kiganja, na maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko. Kijana alikuja mbio akapiga magoti. "Kunja ngumi, mjomba, uangukie mkono kati ya kiwiko na kifundo, usiangukie viganja. Hivyo ndivyo watu wanavyovunjika vifundo." Kweli, wa ubao huumia zaidi vifundo vya mikono, sisi wa skii tunaumia magoti. Skii hufyatuka mguuni ukianguka vibaya, lakini ubao haukuachii. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba hofu zetu zinakaa sehemu tofauti za mwili.

Mchana ule, baada ya maanguko ambayo niliacha kuyahesabu, nilikunja magoti, nikaegemeza miundi kwenye buti, na ukingo wa vidoleni ukashika. Nilisikia sauti ndefu ya kukwaruza, kama kisu kikipita juu ya nazi kavu, na ubao ukazunguka wote kwa pamoja, bila mguu mmoja kubishana na mwenzake. Pembeni palikuwa na theluji mpya ambayo hakuna aliyeipita. Niliingia. Ubao ni mpana, haukuzama, na kwa mara ya kwanza nilielewa kile alichokuwa akijaribu kuniambia wiki nzima. Skii zangu nazipenda hadi leo, na kwenye barafu ngumu siziachi. Lakini pale kwenye theluji ya kina, yeye ndiye alikuwa na haki.

Jua lilipoanza kushuka tuliteremka pamoja. Karibu na chini pana sehemu ndefu tambarare. Mwenye skii huipita kwa kujisukuma na fimbo, lakini ubao ukiishiwa kasi umekwama. Mimi nilikwama katikati. Nikainama nifungue mguu mmoja nianze kujisukuma. Nikasikia skii zikisimama kando yangu. Mpwa wangu alikuwa amenyoosha fimbo nyuma, upande wa mpini ukinielekea.

"Shika, mjomba."

Nikashika kwa mkono usiouma, naye akanivuta hadi mwisho.