Siku moja maishani mwangu: karani wa chumvi na orodha zake

Saa kumi na mbili asubuhi. Mimi ni karani katika mashamba ya chumvi nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, na kabla sijafungua kitabu cha mzani huzunguka kwanza kwenye kingo za mabwawa kuangalia matope. Leo, siku ya bamvua mwezi Oktoba, nimekuta nyayo ndogo zenye alama ya ukucha mbele ya kila kidole. Aliyepita ni nguchiro wala si kanu, maana kanu huzirudisha kucha zake ndani anapotembea. Katika orodha yangu ya wanyama nyayo zinahesabika, ila huandikiwa herufi N pembeni, ili mnyama niliyemwona kwa macho asichanganyike na yule aliyeniachia habari tu.

Saa mbili. Mzani, magunia, stakabadhi.

Saa nne. Maji yamekupwa hadi mbali na ndege wengi wako huko wanakotafuta riziki, kwa hiyo mabwawani nimeandika yangeyange, mdiria mmoja juu ya mti wa lango la maji, na kunguru wa India. Waorodheshaji wengi humruka kunguru huyu kwa kumdharau, jambo ambalo silikubali. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, akaenea pwani nzima, na asiyemwandika leo hatakuwa na njia ya kujua kesho kama ameongezeka au amepungua. Wapo wanaojivunia orodha ya maisha, yaani ya kila spishi ambayo mtu amewahi kuiona, ndefu iwezekanavyo, na kwa nchi yenye zaidi ya spishi 1,100 za ndege tamaa hiyo inaeleweka; mimi naithamini zaidi orodha ya mahali pamoja, inayoandikwa hata siku isiyo na mgeni.

Saa tisa alasiri. Sasa maji yanajaa, matope ya ufukweni yanafunikwa, na ndege wanahamia kwetu kupumzika mpaka maji yatoke tena.

“Karani, wageni wako hao,” mzee wa ulinzi ameniita.

“Nimewaona, mzee wangu. Ahsante.”

Kundi kubwa la vitwitwi limetua kwenye bwawa la mwanzo, ambako maji hayajakolea chumvi. Siwahesabu mmoja mmoja: nahesabu hamsini, natazama wamechukua upana gani wa kundi, kisha naupima upana huo mara ngapi hadi mwisho, na kuandika “kama 400”. Wengi ni wale wenye mdomo mrefu uliopinda chini, wanaozaliana kaskazini kabisa mwa Siberia na kukaa kwetu hadi karibu Aprili. Pembeni yao alikuwepo mmoja wa namna nyingine, miguu ya rangi ya chungwa, mdomo umebetuka juu. Alikimbia ameinamisha kichwa, akamkamata kaa mdogo, akamsuuza majini ndipo akammeza. Huyo hahitaji alama ya kuuliza.

Wanaoihitaji ni vitwitwi wa mchanga. Kuna mkubwa na mdogo, na wakiwa na manyoya ya kijivu ya msimu huu hutofautishwa kwa urefu wa miguu na unene wa mdomo, vitu ambavyo mtu akiwa mbali, jua likimpiga usoni, hujiona anavijua kuliko anavyoviona. Wasiotambulika wana mstari wao, na leo ndio wengi.

Saa moja usiku. Njiani kurudi nyumbani komba amelia kwenye miembe. Kwa ndege, sauti peke yake naiwekea herufi S; kwa komba wadogo wa pwani siiwekei, kwa sababu sura zao zinakaribiana mno na wataalamu wenyewe huwatofautisha hasa kwa mlio.

Saa mbili usiku. Nahamisha hesabu kutoka daftari la penseli hadi kwenye simu, spishi kwa spishi. Wataalamu wamemgawa kitwitwi mdogo wa mchanga kuwa spishi mbili, wa Siberia na wa Tibeti, na anayejulikana kufika Afrika Mashariki ni wa Tibeti. Kwa hiyo nimebadilisha jina kwenye kurasa za zamani, bila kuigusa idadi. Mstari wa wasiotambulika nimeuhamisha kama ulivyo.