Jinsi nilivyovitoa vitabu vya mazingira rafuni

Ukivisoma vitabu vya mazingira na kujitegemea mfululizo, utapata hofu, utapata hasira, na pengine utapata hoja nzuri za kubishana na watu. Ndoo ya taka jikoni itabaki pale pale. Mimi nilitaka vinifae kwa kazi, kwa hiyo nikajiwekea sharti: sifungui kitabu kingine mpaka kile nilichokimaliza kiwe kimebadilisha kitu kimoja nyumbani, hata kiwe kidogo namna gani.

Nilianza na Walden cha Henry David Thoreau, kilichotoka mwaka 1854. Wengi hukumbuka upweke wake kando ya kiziwa huko Massachusetts, alikokaa miaka miwili na ushei kuanzia Julai 1845. Mimi nilivutwa na hesabu zake. Nyumba aliyojijengea ilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu, na kila kitu amekiorodhesha: mbao, matofali ya zamani 1,000, misumari, hata chaki ya senti moja. Kiwanja kilikuwa cha rafiki yake Emerson, na mjini alikuwa akienda mara kwa mara, kwa hiyo habari ya kujitegemea kabisa tuiache. Ila majedwali yale ni mali. Nilichukua daftari nikawa naandika kinachoingia nyumbani na kinachotoka: maji, umeme, gesi, vifungashio, mabaki. Si kwa fedha tu, hata kwa kilo. Daftari likanionyesha kwamba kilichokuwa kikiipa ndoo uzito ni maganda na mabaki ya mboga. Plastiki huonekana nyingi kwa sababu imejaa hewa.

Hapo nikavigeukia vitabu vya ufundi. The Complete Book of Self-Sufficiency cha John Seymour, cha mwaka 1976, kina michoro ya kukufanya utamani kuacha kazi kesho: kulima, kufuga, kutengeneza jibini, kila kitu kimo. Lakini Seymour alikuwa akilima Wales, na kalenda yake ni ya mtu anayengoja baridi kali ipite. Kwa hiyo nilikisoma na penseli mkononi, pembeni mwa ukurasa nikiandika ama "kanuni" ama "hewa ya kwao". Udongo usiachwe uchi, hiyo ni kanuni. Mikunde hurutubisha shamba, kanuni. Mwezi wa kusia mbegu ni hewa ya kwao. Penseli hiyo ilinisaidia kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa kuhusu kusoma.

Kanuni iliyonipa kazi nyingi kuliko zote ni ya mboji. Vitabu husema rundo linahitaji takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Ukiwa umeshika uma la shambani, hesabu hiyo maana yake ni kwamba makavu, yaani majani yaliyokauka, mabua na karatasi, yawe mengi kuliko mabichi kwa ujazo. Rundo likianza kunuka mkojo, mabichi yamezidi. Likikaa kimya bila joto, basi ni kavu, au ni dogo mno, au limekosa mabichi. Unyevu niliupima kwa kukamua konzi moja: yatoke matone mawili matatu, yasichuruzike. Na joto nililipima kwa kipande cha nondo. Unakichomeka katikati ya rundo, unakiacha kidogo, unakichomoa na kukishika. Kikiwa hakishikiki, vijidudu wako kazini, maana rundo zuri hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Kikianza kutoka vuguvugu, unachukua uma na kugeuza, cha nje kiende ndani. Mvuke unaotoka siku ya kugeuza ulinishawishi kuliko kurasa zote.

Masanobu Fukuoka, mkulima wa Kijapani aliyetoa The One-Straw Revolution mwaka 1975, hunukuliwa sana na wavivu, kana kwamba ametoa ruhusa ya kukaa kitako. Wasome vizuri. Mwenyewe anasimulia alivyoacha kupogoa miti ya machungwa ya baba yake: matawi yakasongamana, wadudu wakaivamia, miti ikafa. Anatenganisha waziwazi kuiachia asili kazi yake na kutelekeza. Kwake nilichukua kufunika udongo kwa mabua, basi.

Silent Spring cha Rachel Carson, cha mwaka 1962, nilikuwa nimekihesabu miongoni mwa vile vya kushtua tu. Lakini tazama anavyokwenda. Miti ya elm inapuliziwa dawa ya wadudu iitwayo DDT ili kuua mbawakawa wanaoeneza ugonjwa wa miti hiyo. Majani yanaanguka, nyungunyungu wanayala, ndege wanawala nyungunyungu, ndege wanakufa. Marekani ilikuja kupiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka 1972. Nami nikaiga mwendo huo kwa kitu nilichonacho, sabuni ya kufulia. Nikaifuata kutoka beseni hadi mizizini, na ndipo nikaanza kusoma lebo: boraksi ikizidi hudhuru mimea, na chumvi za sodiamu huufanya udongo ugande. Sasa natumia sabuni isiyo na boraksi, na maji ya kufulia huenda kwenye miti siku hiyo hiyo, hayalali ndooni, wala hayafiki kwenye mboga.

Wangari Maathai naye alinirekebishia daftari. Katika harakati ya kupanda miti ya Green Belt Movement aliyoianzisha Kenya mwaka 1977, ambayo anaisimulia katika Unbowed, wanawake walipewa malipo kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi. Kuishi, si kupandwa. Nikafuta safu ya "iliyopandwa" na kuweka "iliyo hai baada ya kiangazi". Namba ilipungua, lakini umwagiliaji ukaongezeka.

The Limits to Growth cha mwaka 1972 kilinikwama. Ni kitabu muhimu, na wanaodai kilitaja tarehe ya mwisho wa dunia hawajakifungua. Kinaeleza mielekeo kadhaa ya idadi ya watu, uchumi na mali ya asili duniani, iliyokokotolewa kwa kompyuta, mingine mibaya, mingine si mibaya. Lakini sikuona kibadilishe nini jikoni kwangu. Nikakiachia kipite bila sharti.

Cha mwisho katika mzunguko ule kilikuwa Small Is Beautiful cha mwaka 1973. E. F. Schumacher, mchumi aliyefanya kazi miaka mingi katika bodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, anataka zana ziwe za bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu na za ukubwa anaoutawala. Nikaongeza swali langu: ikiharibika, fundi wa karibu ataiweza? Swali hilo liliizuia mashine ya kusaga matawi niliyokuwa naitamani kwa ajili ya mboji. Natumia panga na gogo. Kazi inakwenda, ila matawi mazito nayaahirisha kila wiki.