Mwingereza akikwambia fulani ni "doolally"

Ukifanya kazi na Waingereza, haipiti wiki hujasikia mtu akiitwa chizi kwa jina moja au jingine. Kamusi itakwambia yote ni "wazimu", na hapo ndipo wengi tunapojikwaa: mengine ni utani tu, mengine yatakufikisha kwa meneja.

Eccentric ni jepesi kuliko yote. Kwa Kigiriki ni "nje ya kitovu". Mzee anayevaa kaptura Januari akiitwa hivyo, karibu kasifiwa.

Barmy latokana na barm, povu la chachu linalopanda bia ikichacha. Aliyewahi kuona tembo la mnazi likifura anaelewa mara moja: kichwa kinatoa povu. Tatizo ni kwamba kusini mwa Uingereza hutamkwa sawa na balmy, yaani hewa yenye joto la kupendeza. Sikiliza kama wanasema mtu au jioni.

Doolally lina historia ya kusikitisha. Deolali ni mji karibu na Nashik, India, uliokuwa na kambi ya jeshi la Kiingereza. Askari waliomaliza muda wao walikusanywa pale kungoja meli ya kuwarudisha kwao. Meli zilikuja kwa msimu, kwa hiyo wengine walikaa miezi mizima katika joto na malaria, bila kazi, mpaka akili zikaruka. Wakaita hali hiyo doolally tap, tap ikiwa ni homa kwa Kiurdu. Leo mama wa makamo akisahau miwani atajiita "a bit doolally", na mtacheka wote. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau usimwite hivyo kamwe.

Nuts halihusiani moja kwa moja na karanga. Nut ilikuwa lugha ya mitaani ya kichwa. "He's nuts" ni moja haikai mbili haisimami, lakini "he's nuts about her" ni kampenda hajiwezi. Na mad, kwa Mmarekani, mara nyingi ni hasira tu.

Loony, nutter na mental yaache kabisa. Loony ni mkato wa lunatic, kutoka luna, mwezi, uliodhaniwa kuwatia watu wazimu. Hata sheria ya Uingereza iliacha kuwaita wagonjwa hivyo mwaka 1930. Wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee wawe waangalifu zaidi: katika ripoti ya zamu usiandike lolote kati ya maneno haya, hata yale mepesi. Andika ulichokiona, na saa: "Saa 3 usiku alivaa makoti mawili, akaomba apelekwe stesheni."